Unga Haumei: Somo la Programu Huria Kutoka Molo

Majuma machache yaliyopita nilipitia Molo nikitoka kumzuru jamaa yangu upande wa Kuresoi. Ilikuwa jioni, ukungu umekwisha kushuka kutoka Msitu wa Mau, na baridi ile ambayo wenyeji wameizoea ilinilazimisha kutafuta mahali pa kujistiri nikingojea matatu ya Nakuru. Niliingia katika chumba kimoja karibu na soko, chenye tarakilishi tatu na mashine ya kutoa nakala, ambamo kijana mmoja huwachapia wakulima wa viazi barua zao na kuwajazia fomu za serikali. Tarakilishi mbili zilikuwa katika shughuli hiyo. Ya tatu, ambayo ilikuwa kuukuu kuliko wenzake, ilionyesha mistari ya maandishi meupe juu ya kioo cheusi, na mistari hiyo ilikuwa ikipanda kwa kasi isiyofuatika kwa macho.

"Hiyo inasaga, mwalimu," kijana aliniambia alipoona nimeikodolea macho.

Nilimwuliza inasaga nini. Akanieleza kwamba mashine ile ni ya zamani mno, na kwamba programu nyingi za siku hizi zinazotolewa zikiwa tayari huikataa. Badala ya kuitupa, alikuwa amechukua kutoka mtandaoni msimbo wa AbiWord, programu ndogo ya kuandikia ambayo msimbo wake umeachwa wazi kwa kila mtu, na sasa alikuwa akiigeuza mwenyewe iwe programu inayoifaa mashine yake. Ilikuwa siku ya nne ya kujaribu. Mara ya kwanza stima ilipotea katikati ya kazi. Mara ya pili na ya tatu ilikatika kwa sababu maktaba fulani, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu huvitegemea, havikuwamo katika mashine. Kabla matatu yangu haijafika, mistari ilisimama tena, na ujumbe mmoja wa Kiingereza ukatokea chini ya kioo. Kijana hakukasirika. Alichukua kalamu, akaandika jina la maktaba iliyokosekana juu ya kipande cha karatasi, akakibandika ukutani kando ya vingine vitatu.

Siku mbili baadaye alinitumia ujumbe mfupi katika simu: "Mwalimu, imekubali."

Msomaji huenda akajiuliza kisa hiki kina uzito gani hata kijaze safu ya gazeti la taifa, wakati bei ya unga imo vinywani mwa watu na karo za shule hazijalipwa. Nami nakiri kwamba kisa chenyewe ni kidogo. Lakini neno lile alilolitumia kijana, "inasaga", halijanitoka akilini, kwa kuwa linaeleza barabara jambo ambalo sisi wataalamu wa lugha tumeshindwa kulieleza kwa miaka mingi, na jambo hilo linahusu mamlaka ya wananchi juu ya vyombo vinavyozidi kuwaongoza.

Programu yoyote ya tarakilishi huanza kama maandishi. Watu huyaandika kwa lugha maalumu, kama vile ile iitwayo C, ambazo zina msamiati wake, sarufi yake na hata mitindo yake ya uandishi. Maandishi hayo ndiyo msimbo chanzo, na mtu aliyefunzwa anaweza kuyasoma, akajua programu inafanya nini, inahesabu vipi na inapeleka habari za mtumiaji wapi. Tarakilishi yenyewe haiyaelewi. Inaelewa tu mfululizo wa tarakimu mbili, sufuri na moja. Kwa hiyo pana budi kuwe na mkalimani baina ya binadamu na mashine, nacho ni chombo kiitwacho kompaila. Kompaila huyasoma maandishi, huyakagua kama mwalimu mkali akaguavyo insha, na yakiwa sahihi huyageuza kuwa tarakimu ambazo mashine huzitekeleza.

Hapo ndipo usagaji unapoingia. Mahindi ukiyapeleka kwenye mashine ya posho hutoka unga. Unga waweza kuupika ugali ukashiba, lakini huwezi kuupanda, kwa maana unga haumei. Wala huwezi kwa urahisi kujua kama punje zilizosagwa zilikuwa na kuvu au zilikuwa safi. Kadhalika, programu iliyokwisha kugeuzwa kuwa tarakimu huitumikia mashine vizuri, lakini kuirudisha katika maandishi yaliyoizaa ni kazi ngumu mno, na aghalabu haiwezekani kikamilifu. Programu nyingi tunazouziwa ni unga. Tunapewa ruhusa ya kula, hatupewi mbegu.

Programu huria ni kinyume cha hayo. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi aliouita GNU, kwa imani kwamba mtumiaji wa programu anastahili uhuru wa kuitumia apendavyo, kuisoma na kuirekebisha, kuwagawia wengine, na kuwapa wengine hata ile aliyoirekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo endeshi ambacho leo kinajulikana kama Linux. Kutokana na kazi za watu hao na maelfu ya wenzao, leo kijana wa Molo anaweza kuchukua punje na kwenda kuisaga mwenyewe bila kumlipa mtu senti.

Nitaulizwa: kwa nini ajitaabishe? Je, si programu hizo hizo huria hupatikana zikiwa tayari zimesagwa? Ni kweli. Mimi mwenyewe, ninayeandika haya, hutumia programu zilizosagwa na wengine, na sidhani kwamba kila mkulima, muuguzi au karani anapaswa kushinda akitazama mistari meupe ikipanda. Hoja yangu ni nyingine. Si kila mwenye gari anajua kuifungua injini, lakini hakuna mji katika Bonde la Ufa usiokuwa na fundi wa jua kali anayejua. Kwa sababu fundi huyo yupo, lori la viazi likiharibika kati ya Molo na Mau Summit halibaki kandokando ya barabara likisubiri mtu aletwe kutoka Japani. Uhuru wa mwenye gari unategemea kuwapo kwa fundi, na ufundi wa fundi unategemea gari kuwa na boneti inayofunguka. Programu iliyofungwa ni gari lenye boneti iliyochomelewa.

Historia ya lugha yetu wenyewe inatupa ushahidi. Kampuni ya Sun Microsystems ilinunua programu ya ofisi ya StarOffice mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikauweka wazi msimbo wake kwa jina la OpenOffice. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na wenzao kutoka Uswidi katika mradi ulioitwa Kilinux, hawakuhitaji kumwandikia mtu yeyote barua ya kuomba radhi. Walizichomoa sentensi zote za Kiingereza zilizokuwa ndani ya programu, wakazitafsiri, wakazirudisha, wakaisaga upya. Mwishoni mwa 2004 ikazaliwa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye menyu na maelezo ya Kiswahili. Karani aliweza kufungua "Faili", "kuhifadhi" na "kuchapa" bila kupitia lugha ya mwingine.

Hapo awali tulikuwa tukielezwa kwamba soko la Kiswahili ni dogo, na kwamba gharama za tafsiri haziwezi kurudi. Baada ya Jambo OpenOffice, hata kampuni ya Microsoft ilitoa matoleo ya Kiswahili ya Windows XP na Office 2003. Sitadai kwamba la kwanza ndilo pekee lililosababisha la pili. Lakini ni dhahiri kwamba watumiaji wa lugha walipoacha kungoja kupewa, hesabu za soko nazo zilibadilika. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Karibu zaidi na Molo kuna mfano mwingine. Pale Njoro, mwendo mfupi tu kuteremka, kuna Chuo Kikuu cha Egerton, na Dkt Jason Githeko wa chuo hicho ni miongoni mwa watu waliofanya kazi ya kuandaa orodha ya maneno ya kusahihishia tahajia za Kiswahili katika OpenOffice. Msomaji aliyewahi kuandika Kiswahili kwa tarakilishi anaujua ule mstari mwekundu unaopinda chini ya kila neno, kana kwamba lugha nzima ni kosa. Orodha ya namna hiyo ndiyo inayouondoa.

Nikiwa mwanaisimu naomba niseme machache hapa, kwa sababu ndipo faida ya msimbo ulio wazi inapoonekana kwa macho. Kijana wa Molo alinipigia simu baadaye akilalamika kwamba programu yake mpya ilikuwa imelipiga mstari neno "hawajatulipa", ambalo mkulima mmoja alikuwa ameliandika katika barua ya kudai fedha za viazi vyake. Neno hilo ni sahihi kabisa. Lina kikanushi "ha", kiambishi cha nafsi "wa", cha wakati "ja", cha mtendwa "tu", mzizi "lip" na kiishio "a". Ni sentensi nzima ndani ya neno moja. Badili nafsi, badili wakati, badili mtendwa, uongeze "lipia", "lipisha", "lipwa" na "lipana", na mzizi huo mmoja utakuzalia maumbo maelfu. Hakuna orodha, hata iwe ndefu namna gani, inayoweza kuyamaliza. Kiingereza hakina tatizo hilo kwa kiasi hiki, na ndiyo maana vyombo vilivyobuniwa kwa ajili ya Kiingereza hutubana kama viatu vya mtu mwingine.

Tatizo hilo, hata hivyo, si letu peke yetu. Kihungaria nacho ni lugha ya viambishi vingi. Mhungaria László Németh alitengeneza kisahihishi cha tahajia kiitwacho Hunspell, ambacho hakitegemei orodha tupu bali huruhusu kanuni za viambishi ziandikwe kando ya mizizi. Kwa kuwa msimbo wake ni huria, kazi iliyofanywa kwa ajili ya watu wa Budapest inaweza kuifaa lugha ya watu wa Lamu, wa Ujiji na wa Molo. Hatuhitaji kumwomba mtu. Tunachohitaji ni mwanasarufi anayezijua kanuni za kitenzi cha Kiswahili aketi meza moja na kijana anayejua kuzisaga. Meza hiyo ndiyo imekuwa adimu.

Wala isidhaniwe kwamba habari hii ni ya barua na tahajia tu. Katika mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa kwa tarakilishi kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Ugonjwa wa Ukimwi ulipoongeza idadi ya wagonjwa waliopaswa kufuatiliwa maisha yao yote, mfumo wa kwanza ulielemewa. Kutokana na mahitaji hayo, na kwa kushirikiana na wataalamu wengine, ulianzishwa mwaka 2004 mfumo wa OpenMRS, ambao msimbo wake uko wazi. Leo hii unatumiwa katika nchi nyingi, na mfumo wa KenyaEMR unaotumika katika vituo vya afya vya umma hapa nchini umejengwa juu yake. Wizara ilipotaka mfumo ufuate taratibu za tiba za Kenya, hapakuwa na boneti iliyochomelewa. Haya yamechipuka katika Bonde la Ufa hili hili ambalo baadhi yetu huliona kuwa la mahindi na mbio za marathoni pekee.

Sasa nije kwenye suala la imani, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

Mtu anayesaga mwenyewe anapata faida moja asiyoipata mnunuzi wa unga: anaweza kuthibitisha kwamba kilichomo ndani ya mfuko ndicho kilichoandikwa juu yake. Mwezi wa Machi 2024 ulimwengu wa tarakilishi uliponea chupuchupu. Zana moja ndogo ya kubana faili, XZ Utils, inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, iligunduliwa kuwa imetiwa mlango wa siri ambao ungemwezesha mhalifu kuingia katika mashine za watu. Aliyeutia alikuwa amejifanya msaidizi mwema wa mradi huo kwa miaka kadhaa. Kipande cha maandishi kilichoiwasha hila yake hakikuwemo katika hazina ya wazi ambamo kila mtu husoma msimbo. Kilikuwa ndani ya furushi lililofungwa tayari kwa wanaotaka kusaga. Waliosoma hazina hawakukiona, na waliopokea furushi hawakulilinganisha na hazina. Aliyeibua jambo hilo ni mhandisi Andres Freund, ambaye alishuku alipoona kuingia katika mashine yake kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, aliweza kuifuata nusu sekunde hiyo mpaka kwenye shina la uovu.

Kisa hicho kina mafunzo mawili, na si haki kulitaja moja tu. La kwanza ni kwamba uwazi wa msimbo si hirizi. Msimbo ulio wazi usiosomwa na mtu ni sawa na Biblia au Kurani iliyofungiwa kabatini. La pili ni kwamba pasipo uwazi, mhandisi yule angebaki na shaka yake na asingekuwa na pa kuipeleka. Uwazi hautoi ukweli wenyewe, bali unatoa njia ya kuutafuta.

Watu wa Molo hawahitaji mhadhiri awafundishe thamani ya njia hiyo. Katika uchaguzi wa Desemba 2007, matokeo ya kura za urais yalitangazwa na wananchi hawakuwa na namna ya kuirudia hesabu wenyewe. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilihitimisha mwaka 2008 kwamba ujumlishaji ulikuwa na kasoro nyingi kiasi kwamba haikuwezekana kujua mshindi wa kweli alikuwa nani. Tume ya Jaji Philip Waki nayo ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata. Molo, iliyokuwa na makovu ya mapigano ya mwaka 1992, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Sisemi kwamba hesabu mbovu ndiyo iliyokuwa chanzo pekee, kwani chuki za ardhi na za ukabila zilikuwa zimepandwa zamani na wanasiasa. Lakini mahali palipokauka hivyo, jumla isiyokaguliwa ilikuwa njiti ya kiberiti.

Ni katika siku hizo hizo, Januari 2008, ambapo Wakenya kadhaa walitengeneza programu ya kukusanyia taarifa za ghasia na kuzionyesha juu ya ramani, wakaiita Ushahidi. Waliuweka wazi msimbo wake, na mwaka 2010 programu hiyo ilitumika katika uokoaji baada ya tetemeko la ardhi la Haiti. Neno la Kiswahili lilivuka bahari likiwa jina la chombo, nasi tulilivusha kwa machungu yetu.

Tazama basi safari tuliyokwenda tangu hapo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliubatilisha uchaguzi wa urais, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba tume ya uchaguzi haikutekeleza ipasavyo amri ya kuruhusu mitambo yake ikaguliwe. Katika uchaguzi wa Agosti 2022, tume iliweka hadharani mtandaoni picha za fomu 34A kutoka vituo vya kupigia kura, ambavyo jumla yake ilikuwa 46,229. Mtu yeyote aliweza kuzichukua, akaketi na kalamu, akajumlisha. Fomu zile zilikuwa punje, na jumla iliyotangazwa Bomas ilikuwa unga. Safari hii wananchi walipewa punje, wakaambiwa wasage wenyewe walinganishe. Mabishano hayakukosekana, na kesi ilifika mahakamani, lakini ubishi ulikuwa juu ya karatasi ambazo kila mmoja angeweza kuzitazama. Mtu aliyeona Molo ya 2008 anaujua umbali uliopo kati ya kubishana juu ya karatasi na kubishana kwa mishale.

Kwa hiyo ninapomwona kijana akiisaga programu katika chumba chenye baridi, naona zoezi la uraia. Anajifunza kutokubali jumla asiyoweza kuirudia.

Hata hivyo nimeahidi nafsi yangu kutoilaumu serikali kabla ya kuwalaumu wenzangu wa taaluma ya lugha. Vile vipande vinne vya karatasi vilivyobandikwa ukutani viliandikwa majina ya Kiingereza. Maelekezo aliyoyafuata yalikuwa ya Kiingereza. Kompaila ilipomkemea, ilimkemea kwa Kiingereza, na tena Kiingereza kigumu ambacho hata mwenye shahada hukisoma mara mbili. Alifaulu kwa kuwa alisoma vya kutosha na ana subira ya ajabu. Ni wangapi walioachia njiani, si kwa kukosa akili ya tarakilishi, bali kwa kukosa lugha ya kuifikia? Mlango uliofunguliwa na sheria ya programu huria unaweza kufungwa tena na lugha, na waliomo nje wasijue kwamba uliwahi kufunguliwa.

Sisi tulifanya nini? Tulitumia miaka mingi tukizozana kama chombo hiki kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Makala ziliandikwa, makongamano yakafanyika, na wasomi wakarushiana maneno kwa kila istilahi. Huku nyuma, hakuna aliyeketi kuandika kitabu chembamba cha Kiswahili kinachomweleza mwanafunzi wa kidato cha pili msimbo ni nini, kompaila ni nini, na afanye nini mashine ikisema imekosa maktaba. Istilahi isiyotumika ni kama jembe lililotundikwa ukutani, halilimi. Na kijana yule, bila kongamano lolote, alikwisha kupata neno lake kutoka mashine ya posho. "Kusaga" limemtosha, limeeleweka, na mkulima aliyekuwa akingojea barua yake alilielewa pia. Huenda kamusi zikaamua vinginevyo. Mimi nimelichukua.

Yapo mambo matatu ambayo naona yanawezekana bila kungoja mhisani.

Kwanza, programu yoyote inayolipiwa kwa kodi ya mwananchi, iwe ya hospitali, ya ardhi au ya karo, itolewe pamoja na msimbo wake na maelekezo ya kuusaga, na umma ukabidhiwe vyote viwili. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Ikiwa kanuni inayoamua nani apate basari na nani akose imeandikwa ndani ya programu, basi kanuni hiyo ni habari, na raia ana haki ya kuisoma. Palipo na siri za kweli za usalama, zielezwe na zitengwe. Zisigeuzwe pazia la kufunikia kila kitu.

Pili, mwaka 2022 serikali iliidhinisha mtaala wa kufundisha usimbaji shuleni. Hilo ni jema. Lakini mtoto anayefundishwa kusogeza vijipicha juu ya kioo pekee anafundishwa kupakua ugali. Kabla ya kumaliza shule, kila mwanafunzi wa somo la tarakilishi na asage programu moja halisi, japo ndogo, kuanzia punje hadi unga, abadili neno moja ndani yake, aisage tena aone neno lake limetokea. Hatuwapasui wanafunzi wa biolojia chura kwa maelezo ya mdomo. Mashine kuukuu zinazorundikwa stoo kwa kuwa programu mpya zimezikataa zinatosha kabisa kwa kazi hii, kama mashine ya Molo ilivyotosha.

Tatu, idara za Kiswahili na idara za tarakilishi za vyuo vyetu, ambazo mara nyingi ziko umbali wa kurusha jiwe, zikutane. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Urasmi huo hautakamilika kwa hotuba za Siku ya Mashujaa. Utakamilika siku ambayo mashine itamkosoa kijana wetu kwa lugha anayoielewa, ikamwambia waziwazi imekosa nini na akitafute wapi. Sentensi hizo zimo ndani ya msimbo ulio wazi, zinangoja mtafsiri. Jambo OpenOffice ilitufundisha kwamba inawezekana, na pia ilitufundisha kwamba kazi ya namna hiyo hailimwi mara moja ikaachwa. Kila toleo jipya huja na sentensi mpya, na pasipo watu wa kupalilia mwaka hadi mwaka, magugu hurudi.

Kuhusu "hawajatulipa", nilimweleza kijana jinsi ya kuliongeza neno hilo katika orodha, kisha nikaahidi kumwandikia kanuni za viambishi ili asilazimike kuongeza maumbo mengine elfu moja moja. Bado sijazimaliza. Barua ya mkulima ilipelekwa. Mpaka wakati wa kuandika haya, alikuwa angali hajalipwa, lakini angalau neno lake limeondolewa mstari mwekundu, na mtu mwingine yeyote wa Molo atakayeliandika katika mashine ile hataambiwa kwamba amekosea.